Vitabu Vyetu na Hasira Niliyoitema

Watu wakinikuta sokoni Voi hunionea huruma. "Mama, mlikuwa na vile vitabu vyenu vizuri. Pole, basi tu watu wetu hawasomi." Hapo ndipo damu inaponichemka. Hawasomi nani? Niliwaona wakisoma kwa macho yangu haya. Nilimwona utingo wa lori amekaa juu ya magunia ya vitunguu anasoma habari za ndege, dereva anampigia honi na hasikii. Nilimwona mama mmoja wa shamba la mkonge aliyekuja mjini kununua chumvi, akasimama kwenye kibaraza chetu mpaka akamaliza kitabu kizima, kisha akakirudisha mezani, akasema ahsante, hakinunui kwa sababu ameshakisoma. Vitabu vyetu havikufa kwa kukosa wasomaji, jamani. Viliuawa. Na aliyeviua namjua, tumenyonya ziwa moja.

Tulianza mwanzoni mwa miaka ya sabini, mimi na mume wangu, katika chumba kimoja nyuma ya duka la fundi cherehani, si mbali na reli. Mume wangu alikuwa karani wa mizigo stesheni. Kwao ni Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau, na tangu utotoni alikuwa mtu wa kutazama ndege na miti, hata mama yake akadhani ana kasoro. Mimi ni wa Wusi, huko juu milimani, na nilikuwa napiga taipu katika ofisi moja mjini. Mashine yetu ilikuwa ya stensili, ile ya kuzungushwa kwa mkono, tuliyoipata ikiwa imeshachoka katika shule iliyonunua mpya. Mimi nilipiga maneno, yeye akazungusha, tukatandaza kurasa chumba kizima, mezani, kitandani, juu ya masanduku, kisha tukawa tunazunguka tukiziokota kwa mpangilio wake. Fundi cherehani alitushonea mgongo kwa uzi wa suruali. Vumbi la Voi mnalijua. Liliingia kwenye wino, kwa hivyo kila kitabu chetu kilikuwa na wekundu fulani, na kuna mteja aliyetusifu kwa kuchagua rangi.

Mume wangu alitunga vitabu vya viumbe: ndege wa milimani, miti ya Kasigau, nyoka wa kuogopwa na nyoka wa kuachwa waende zao. Mimi nilitunga hadithi za ajabu. Nchi zilizo ndani ya milima, mito inayopanda juu, wanyama ambao Mungu alisahau kuwaumba nami nikamsaidia. Picha za jalada zote zilikuwa kazi yake. Alikata mpira wa tyubu ya lori kwa wembe, akaubandika kwenye kipande cha ubao, akaupaka wino, akagonga jalada moja baada ya jingine mpaka mkono ukafa ganzi. Lakini wanyama wangu hakukubali kuwachora hivi hivi.

"Huyu wako anakula nini?" angeniuliza.

"Kwani si hadithi tu?"

"Hadithi, sawa. Anakula nini? Kama ni majani, ya mti gani? Nitamwekaje meno kama sijui anachokula?"

"Wewe bwana, ni zimwi!"

"Zimwi halina njaa?"

Ningenuna siku nzima. Kisha ningekaa chini nikafikiri, na mwisho ningemjibu, kwa sababu alikuwa na haki na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Hakuna mnyama aliyetoka katika chumba chetu bila kujulikana analala wapi, anakunywa maji ya mto gani na anaogopa nini. Watoto walituamini. Mzazi mmoja kutoka Mwatate alikuja kutulalamikia kwamba mwanawe hataki tena kwenda kuchota maji upande fulani wa bonde. Mume wangu alimwomba radhi kwa heshima zote, na mlango ulipofungwa akacheza ngoma.

Sasa nifike kwenye kitabu chenyewe. Nilikiita *Wanyama wa Kinywani*, na ili mkielewe lazima niwaambie jambo moja la kwetu.

Sisi Wadawida, mnaotuita Wataita, wazee wetu walijua kwamba hasira ya moyoni haikai bure. Ukimkasirikia ndugu yako, hasira ile inaweza kutoka yenyewe ikamdhuru bila wewe kutaka: mtoto wake anaugua, ng'ombe wake anakauka maziwa. Na hakuna wa kuiondoa ila wewe mwenyewe uliyekasirika. Unachukua maji kinywani, au mbangara, ile pombe ya miwa, unayapuliza nje kwa nguvu, puu, kisha unasema maneno ya kumtakia mema. Huko ndiko kutasa. Lakini hakuna kudanganya hapo. Ukipuliza maji na hasira ukaibakiza rohoni, ni kazi bure. Na ukishaitoa, usiirudie tena, maana ukiirudia unamrudishia mgonjwa ugonjwa wake. Bibi yangu alitasa kila alipogombana na mtu, na mara nyingine alitasa kwa ajili ya mbuzi aliyekula maharagwe yake.

Basi mimi nikaichukua hiyo nikaiingiza ndani ya mlima Kasigau. Katika nchi ya kitabu changu kila mtu anazaliwa na mnyama kinywani. Akikasirika, mnyama anatoka, anazurura, anauma watoto wa watu, mpaka mwenyewe amfuate amwite arudi. Msichana mmoja mnyama wake anatoroka, naye anamfuata ndani ya mlima wote, kitabu kizima. Mume wangu akaniuliza swali lake lile lile. Jibu lilinisumbua kwa wiki nyingi. Mwisho nikamwambia, "Wanakula maneno ambayo mtu ameyameza bila kuyasema." Akaweka wembe chini. Akasema, "Haya. Huyu nitamchora."

Kitabu hicho ndicho tulichokuwa tumekiwekea matumaini yote. Rola ya mashine ilikuwa imepasuka na tumeifunga kwa kitambaa na gundi. Wakati huo huo kamati ya shule za tarafa yetu ilikuwa inachagua vitabu vya watoto kusoma darasani. Kikichaguliwa, tungechapa kwa shule zote na kupata mashine nyingine. Kisipochaguliwa, kazi yetu imekwisha, ndege wake na majitu yangu pamoja. Tulilijua hilo sote wawili na hatukulizungumza sana.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa kaka yangu mkubwa.

Mtasema, si ndiyo bahati? Hata mimi nilidhani hivyo. Kaka alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja huko Wusi na mzee wa kanisa, mtu wa kuvaa koti hata jua la Voi likimpikia ubongo. Ndiye aliyenifundisha kusoma, nikiwa sijafika umri wa shule, kwa kunionyesha herufi kwenye mfuko wa unga. Sikumtaka anipendelee. Nilitaka asome tu. Nikampelekea shuleni kwake furushi la vitabu, bure, nikarudi Voi nikiimba.

Kaka alisoma. Kisha akasimama mbele ya kamati akasema kitabu hiki kinawarudisha watoto wetu gizani, kwamba wazee wa kanisa hawakutoka jasho miaka yote ili dada yake aje awafundishe watoto kutemeana maji. Kamati ikakikataa. Haya, kukataa ni haki yao. Lakini hakuishia hapo. Alichukua lile furushi langu, akalipeleka nyuma ya shule, akalichoma moto pamoja na mabua ya mahindi. Na watoto akawapanga mstari watazame! Vitabu! Mwalimu mzima!

Nilipanda Wusi siku ya pili yake. Aliyenipokea njiani ni binti yake, mtoto wao wa pekee, wa miaka kama minane, mdaku wa kupindukia na mimi nikimpenda kwa hilo. Akanishika mkono akaninong'oneza, "Shangazi, baba amechoma kitabu chako. Lakini mimi nilikuwa nimeshakimaliza."

Kaka alikuwa sebuleni. Akaniita vizuri, akavuta kiti.

"Dada, karibu. Kaa kwanza unywe chai."

"Sinywi. Umechoma vitabu vyangu?"

"Nimechoma ushenzi. Wewe sikukuchoma."

"Kutasa ni ushenzi? Wewe ulipougua surua ukawa umevimba macho, nani alikutasia? Si bibi?"

"Nilikuwa mtoto. Sikujua."

"Na ulipona ama hukupona?"

Wifi yangu alikuwa jikoni anaponda kimanga cha mihogo na maharagwe. Nikasikia anacheka, kisha akajifanya anakohoa. Kaka akasafisha koo, akaanza kunisomea mahubiri, mimi na umri wangu, kana kwamba nimekaa benchi la mbele shuleni kwake. Nikamkatiza.

"Sikiliza, kaka. Nimekasirika. Nimekukasirikia wewe, na safari hii sinyamazi. Nitakwenda kwa afisa wa elimu, na nitasema mbele ya kila mtu ulichofanya."

Kwetu mtu hasemi "nimekukasirikia" hivi hivi, akimtazama ndugu yake usoni. Wifi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akanitazama, akamtazama mtoto aliyesimama mlangoni, akarudi jikoni. Mimi nikashuka zangu Voi.

Na nilikwenda kweli kwa afisa wa elimu. Alikuwa mtu mgeni, wa kutoka bara, mpole, asiyejua habari za ndani. Akasoma kitabu akacheka pale nilipotaka mtu acheke. Akasema kamati itakaa tena, naye atakuwepo, na mimi nitapewa nafasi ya kukitetea kitabu changu. Akanidokeza kwamba yeye mwenyewe hana neno nacho, anachotaka ni kusikia mwenye kitabu akijibu. Mume wangu alifurahi mpaka akaifungua mashine yote, akaisafisha na kuipaka mafuta. Mimi nilitembea chumbani nikijihutubia. Niliyapanga maneno yangu vizuri, na yalikuwa makali, na hata leo nayakumbuka.

Kisha mtoto akaugua.

Ilikuwa homa. Walimpeleka hospitali, akapewa dawa, homa ikashuka, wakamrudisha nyumbani, homa ikapanda. Wakampeleka tena. Hakuwa anakula. Habari zilinifikia kwa vipande vipande kupitia watu wa milimani walioshuka sokoni, nami nikawa natuma machungwa na sukari, maana kumkasirikia kaka si kumkasirikia mtoto. Ndivyo nilivyodhani.

Alasiri moja nikasikia hodi. Kaka yangu. Koti limejaa vumbi, macho mekundu, ndevu hajanyoa. Hakuwahi hata siku moja kukanyaga chumba chetu cha vitabu. Mume wangu akaondoa kurasa kwenye kiti, akamkaribisha. Kaka akakaa akatazama zile kurasa, na ndege waliokauka wino wametundikwa kwenye kamba, akatazama mikono yake.

"Mtoto anaendeleaje?" nikauliza.

"Vile vile."

Kwa fundi cherehani mashine inakwenda trrr, inasimama, inakwenda.

"Mama mkwe wangu," akasema mwishowe, "alikwenda kwa mtu. Mimi sikumtuma. Alikwenda mwenyewe."

"Mtu gani?"

"Mtu wa kutazamia."

"Mganga."

"Mtu wa kutazamia. Akaambiwa kuna hasira. Ya ndugu wa kike, upande wa baba."

Mume wangu alitoka nje. Aliniambia baadaye alitoka kwa sababu alihisi atacheka au atampiga, na hakujua lipi litatangulia. Mimi nilibaki pale nimekaa. Mtoto yule nilikuwa nampenda. Lakini yule mtu!

"Sasa unataka nini, kaka?"

"Unajua."

"Sijui. Niambie."

"Dada, usinifanyie hivyo."

"Mimi ni mshenzi wa gizani. Mzee wa kanisa anataka nini kwa mshenzi? Sema, nisikie."

Akafunika uso kwa mikono yote miwili. Akasema ndani ya viganja vyake, kwa Kidawida, si kwa Kiswahili cha mahubiri, "Njoo unitasie mtoto."

Nilikwenda. Ningefanya nini? Kuna watu waliniambia baadaye kwamba ningemwambia kwanza atoe tangazo kanisani, alipe vitabu, akiri. Waliosema hivyo hawakuwa wamemwona mtoto. Alikuwa amelala chumba cha ndani, shingo nyembamba, midomo imepasuka. Wifi alinipa maji katika kikombe cha bati na hakuweza kunitazama. Kaka alisimama nje ya mlango, mgongo ametupa sisi, ati hayumo.

Sasa ngoja niwaambie ugumu wake. Mtu anaweza kusema maneno. Maji mtu anaweza kuyapuliza. Lakini ile hasira niliipenda. Ilikuwa hasira ya haki, na ilikuwa inaniinua kila asubuhi kutoka kitandani kuliko chai. Nilishika yale maji kinywani muda mrefu mpaka yakawa na joto. Nilimtazama yule mtoto na nikasema moyoni, basi. Nenda. Iende yote, ya kitabu, ya moto, ya mstari wa watoto. Nikapuliza. Nikasema kama bibi alivyokuwa akisema: kama ni mimi niliyekasirika, nimeacha, mtoto huyu apoe, ale, akue, aolewe, azae, mimi sina neno na baba yake. Na wakati ule ilikuwa kweli. Sikuwa na neno.

Mtoto akafumbua macho akasema, "Shangazi, umenilowesha."

Akapona. Dawa za hospitali alikuwa anakunywa pia, sikatai, na wala siwezi kuapa ni lipi lililomponya. Baada ya siku chache alikuwa anaomba kimanga, na juma lililofuata alikuwa nje anawachungulia majirani.

Siku ya kamati ikafika. Nilivaa vizuri. Mume wangu aliomba ruhusa kazini akanisindikiza, amebeba kitabu chetu kimefungwa kwa karatasi ya kaki. Nilikuwa nimeshapanga: sitasema kwa hasira, maana hasira nimeitoa. Nitasema kwa upole tu. Nitaeleza kitabu ni nini na kwa nini mtoto akisome. Mbele ya mlango wa ofisi kaka akanivuta kando. Koti safi, ndevu zimenyolewa, amerudi kuwa mwenyekiti. Akainua kidole kimoja.

"Dada," akasema polepole. "Kumbuka mtoto."

Basi! Maneno mawili! Mnaona alichonifanyia? Alijua nikisimama pale nitaulizwa kwa nini vitabu vilichomwa. Alijua nikianza kujibu nitapandwa na mori, mimi najijua na yeye ananijua tangu niko kiunoni kwa mama. Na nikikasirika tena baada ya kutasa, homa inamrudia nani? Alinichukulia kitu ambacho yeye mwenyewe alikiita ushenzi mbele ya kanisa zima, akanifunga nacho mdomo.

Nikaitwa. Afisa wa elimu akanitazama kwa wema, akasema, "Karibu mama, tueleze." Nikafungua kinywa. Lile neno la kwanza tu, "kitabu," nikahisi moto unapanda kutoka tumboni. Nikaona ile shingo nyembamba juu ya mto. Nikafunga kinywa.

"Sina la kusema," nikasema.

"Huna?" Afisa alishangaa. "Hutaki hata kujibu haya yaliyosemwa?"

"Sina la kusema, bwana."

Wakaandika kwamba mwenye kitabu hakukitetea. Mume wangu nyuma yangu alikuwa amesimama na ile karatasi ya kaki mkononi, na akaibeba hivyo hivyo, haijafunguliwa, njia nzima mpaka Voi. Jumapili kaka alitoa ushuhuda kanisani huko Wusi. Alisema mtoto wake alikuwa anakufa na maombi yamemwinua. Kanisa likapiga makofi. Nilikuwepo, na nilipiga makofi, kwa sababu mtoto alikuwa amekaa mbele na gauni jipya na alikuwa amegeuka ananitazama.

Rola ikavunjika kabisa mwaka ule ule. Tulijaribu kutoa kitabu kimoja cha vipepeo kwa kukiandika kwa mkono, tukachoka. Mihuri ya mpira mume wangu aliigawa kwa watoto wa mtaa, na kwa muda kuta zote za nyuma ya stesheni zilikuwa na ndege. Alirudi kutazama tu bila kuandika. Mimi nilirudi kupiga taipu barua za watu. Kila miaka miwili mitatu jambo lilitokea: mwalimu mpya anauliza kile kitabu kiko wapi, au mtu wa gazeti anapita Voi anataka habari zetu. Na kila mara kaka alikuwa na njia ya kujua, na tukikutana, kwenye arusi au matangani, kidole kile kinainuka. "Dada, kumbuka mtoto." Nilimeza. Mume wangu aliniambia, "Unaamini kweli kwamba ukisema atakuwa mgonjwa?" Nikamwambia, "Siamini. Lakini wewe uko tayari kujaribu kwa mtoto wa mwenzako?" Hakuwa tayari yeye pia.

Basi mtoto akakua. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, alikuwa chuo cha ualimu, amerudi likizo. Akaja kwangu Voi bila taarifa, hata hodi hakupiga, sura imemwiva.

"Shangazi, mama ameniambia. Ni kweli?"

"Kweli nini?"

"Kwamba wewe hukusema kwenye kamati kwa sababu yangu. Kwamba baba amekuwa akikutisha na mimi tangu siku ile."

Nilitaka kumpoza. Nikamwambia hayo yamepita, akae, nimpikie chai. Akanikatiza vile vile nilivyomkatiza baba yake zamani.

"Sinywi. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekufunga mdomo miaka yote hii? Mimi? Kitabu changu ninachokipenda kuliko vyote, na mimi ndiye niliyekiua?"

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Vaa viatu, shangazi."

Ala! Msichana anakuamuru katika nyumba yako! Nikavaa viatu. Tulipanda Wusi kwa gari la mchana, yeye ameshika kibeti mapajani kama anakwenda kupigana.

Kaka alikuwa sebuleni anasikiliza redio. Alikuwa amestaafu, amepungua, lakini koti lipo. Akafurahi kutuona, akavuta kiti. Nikabaki nimesimama. Nywele zangu zilikuwa zimeshaanza mvi.

"Kaka," nikasema, "nimekuja kuzungumza juu ya kitabu."

Kidole kikainuka. Hakufikiri hata kidogo, kiliinuka chenyewe. "Dada, kumbuka mto—"

"Mtoto ni mimi, baba," binti akasema kutoka mlangoni. "Niko hapa. Nimekula, nimelala, sina homa. Hasira ilikuwa ya shangazi na anaichukua tena. Shangazi, sema."

Nikasema. Mungu wangu, nilisema! Yale maneno niliyoyapanga kwa ajili ya kamati yalikuwepo yote, hakuna lililopotea, na mengine yameongezeka juu yake. Nilimwambia juu ya moto na mstari wa watoto. Nilimwambia juu ya ushuhuda wake na makofi niliyopiga. Nilimwambia juu ya mume wangu anayetazama ndege siku hizi na mikono mitupu. Nilimwambia kwamba nimekasirika, kwamba nimemkasirikia yeye, mwana wa mama yangu, na kwamba sitatasa, si leo wala kesho, mpaka nichoke mwenyewe. Wifi alikuja akasimama pembeni, akazima redio. Nilikuwa nalia na sikujali.

Nilidhani kaka atajitetea, nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nilikuwa nalitamani. Hata hakunitazama. Aliinuka kwa shida akishika mkono wa kiti, akavuka sebule mpaka mlangoni alipokuwa binti yake, mwanamke mzima, akaweka mgongo wa mkono wake kwenye paji lake la uso kuona kama lina joto.

"Mimi mzima, baba," akamwambia.

Hakuondoa mkono. Akauhamishia shavuni, kisha shingoni, kisha akarudi tena kwenye paji la uso, na hapo ndipo nilipojua kwamba aliamini. Kila neno la kitabu kile alikuwa ameliamini kuliko mimi niliyekiandika, na alikichoma.